Faili Lililobeba Jina Langu

Jana binti yangu aliniita: "Mama, programu hii ni ya bure. Nibonyeze?" Nilimshika mkono kabla sijamjibu.

Mwaka 2011, chumba cha juu, mtaa wa Langoni, Lamu. Nilikuwa nikihamishia kompyutani kanda za kasida za marehemu baba, na mikwaruzo ilikuwa inaila sauti yake. Nikapata programu ya bure ya kusafisha sauti, nikaishusha. Ikafanya kazi kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Kirusi cha kompyuta hujinakili chenyewe. Trojani, programu ya hila kama iliyokuwa imejificha humo, hukaa ndani ya kitu unachokitaka, ikangoja uifungulie kwa mkono wako, kama Wagiriki ndani ya farasi wao wa mbao kule Troya.

Wiki ya tatu mashine ikawa nzito. Feni inavuma usiku kucha, na mimi nimelala. Ami akaja baada ya isha. Kabla hata ya kuketi alichomoa waya wa intaneti, kisha akafungua orodha ya programu zinazoendeshwa, tukaisoma mstari kwa mstari, kidole chake kikigusa kioo. Zilikuwepo svchost.exe sita. Ni jina la kawaida la programu za mfumo kwenye Windows, hakuna anayelishuku. Tano zilikuwa za mfumo wenyewe. Kidole kikasimama kwenye ya sita: safu ya mtumiaji ilikuwa na jina langu.

"Mwanangu, wenzake wote wakaa System32. Huyu yuatafuta nini huku?"

System32 ni folda ya mfumo wa Windows; faili hili lilikuwa kwenye folda ya faili za muda. Punda akalia uchochoroni, na mimi macho yangu hayakutoka kwenye zile herufi za jina langu. Kila nilichoandika kwa wiki tatu, kilikuwa na msomaji.

Mengine yalikwenda mbio: kitufe cha F8 wakati wa kuwasha, hali salama yenye programu za lazima tu, faili likafutwa, na ule mstari wa rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, uliokuwa ukiliamsha kila mashine ikiwashwa ukaondolewa. Tukakagua mara mbili kwa programu mbili tofauti. Nywila nilizibadilishia kwenye kompyuta ya ami.

Lakini barua nilizomwandikia dada kuhusu mirathi ya baba zilikwishapita. Nani alizisoma, mpaka leo sijui.

Binti yangu akauliza kama ile programu ilisafisha vizuri. Nikamwambia ndiyo. Kasida ninayoisikiliza kila Ijumaa ndiyo iliyopita humo.