Deni la Mwenye Bucha

Waliniruhusu kuingia na penseli tu. Mhudumu wa chumba cha michoro pale British Museum, London, akanifungulia boksi mezani: picha mbili za James Gillray, mchora vibonzo wa Kiingereza, za Julai 1792. Kwa miaka nilikuwa nikiziona vitabuni, ndogo kama kadi ya posta.

Ya kwanza ni ya mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza, mwana mkubwa wa Mfalme George wa Tatu. Amejibweteka kitini, kizibao kimeshindwa na tumbo, anachokonoa meno kwa uma. Nyuma yake chungu cha haja kimefurika, na chini ya chungu zimekandamizwa karatasi ndefu. Nikainama kuzisoma. Hati za madeni: muuza kuku, mwenye bucha, mwoka mikate.

Baba yangu alikuwa na bucha Tanga. Alikuwa na daftari la jalada jeusi, na ndani yake kurasa nzima nzima za mheshimiwa mmoja aliyemtuma dereva kuchukua nyama kila Ijumaa. "Andika," dereva alisema, na Baba aliandika. Kuna muhula sikwenda shule kwa sababu ya kurasa zile. Baba hakuthubutu kumdai.

Gillray alithubutu. Mwaka 1787 Bunge lilikuwa limetoa pauni 161,000 kulipa madeni ya yule mwana wa mfalme, naye akaendelea kukopa. Mchoraji angeweza kuishia kwenye tumbo, na watu wangecheka vilevile mbele ya dirisha la duka la Hannah Humphrey, aliyezichapa na kuziuza. Lakini kwenye bamba la shaba la kuchapia picha, maneno huandikwa kinyume ili yasomeke karatasini. Basi aliketi akamwandika mwenye bucha kinyumenyume, herufi moja moja, ili asisahaulike. Macho yalinilenga machozi pale mezani.

Ya pili ni ya Mfalme mwenyewe: anakula yai la kuchemsha, suruali ina kiraka, Malkia anajisindilia majani mdomoni. Ubahili mtupu. Niliitazama kidogo, nikairudia ile ya kwanza mpaka muda wa kufunga.

Nje nikampigia Baba.

"Shikamoo, Baba. Lile daftari jeusi bado unalo?"

"Marahaba. Lipo kabatini."

"Na mheshimiwa?"

"Alikufa hajalipa, mwanangu."