Kupunguza kilo: natafuta stili ya shingo moja ya kubeba kwenda shoo

Mradi wa mwaka huu ni mmoja: kupata gitaa la stili la pedali (lile linalolala juu ya miguu kama meza, na noti zake hubadilishwa kwa pedali za miguuni) ninaloweza kulipandisha ngazi mwenyewe. Bendi yetu inapiga country hapa Nairobi wikendi, na kumbi zinazotuita sana ziko ghorofani, lifti hakuna. Mpiga gitaa la kawaida anafika gitaa likiwa mgongoni na soda mkononi. Mimi nashuka kwenye teksi, halafu naanza kutafuta vijana wa kunisaidia.

Mizani

Sikutaka kukisia, kwa hiyo nilipeleka mzigo duka la nafaka la jirani, lenye mizani ya kuning'iniza magunia. Mwenye duka akachungulia ndani ya kasha, akaona vyuma na pedali, akauliza, "Kijana, hii cherehani ni ya kushonea nini?" Nilipomwambia ni gitaa alicheka sana, kisha akanidai shilingi 50 za kupimia kama mteja mwingine yeyote.

Gitaa likiwa ndani ya kasha pamoja na miguu yake: kilo 32. Kasha tupu: kilo 8. Amplifaya yenye spika ya inchi 15: kilo 27. Kiti na pedali ya sauti sikupima, nilikuwa nimeshasikia vya kutosha.

Uzito unakaa wapi

Langu ni D-10, yaani shingo mbili zenye nyuzi 10 kila moja, ya mbele E9 na ya nyuma C6, ambayo ni mifumo miwili tofauti ya kutyuni nyuzi. Uzito wake utauelewa ukilipindua. Mwili ni mbao ngumu, pana ya kutosha shingo zote mbili. Kila shingo ina chenja yake upande wa kulia, bonge la vidole vya chuma vinavyokaza na kulegeza nyuzi. Chini kuna mihimili inayokatiza mwili kutoka mbele hadi nyuma, na kila noti inayobadilishwa ina uchuma wake mwembamba unaotoka kwenye mhimili hadi kwenye chenja. Kwenye pedali zangu 8, 3 ni za E9 na 5 ni za C6, bila kuhesabu nyenzo, vile vyuma vya chini vinavyosukumwa kwa magoti.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kampuni gani inatengeneza gitaa jepesi, ilibidi nijiulize napiga nini hasa. Watu wetu wanaomba Don Williams, Jim Reeves, Dolly Parton, Kenny Rogers. Ule mlio wa country wa noti moja kupanda huku nyingine imetulia unatoka E9: pedali A inapandisha nyuzi za noti B hadi C#, pedali B inapandisha G# hadi A, na ukizikanyaga zote mbili umehama kutoka E kwenda A bila kusogeza mkono. C6 ni tamu kwa jazi na swing ya Texas, lakini kwenye shoo zetu siigusi. Naibeba tu.

Na sikuwa wa kwanza kuliona hilo. Lloyd Green, ambaye stili yake inasikika kwenye rekodi nyingi za Don Williams, aliondoa shingo ya C6 kwenye stili yake ya kampuni ya Sho-Bud miaka ya 1970 na mahali pake akaweka mto wa kuegemeza mikono. Kampuni ikatengeneza modeli ya namna hiyo, ikaipa herufi za jina lake, LDG.

SD-10 au S-10

Mtindo huo wa Green, shingo moja kwenye mwili mpana, siku hizi unaitwa SD-10. Mikono inapata pa kupumzikia, na gitaa linatulia vizuri sakafuni. Ila unaokoa vyuma, mbao inabaki. S-10, shingo moja kwenye mwili mwembamba, inapunguza vyote viwili, na nyingi za kisasa zenye pedali 3 na nyenzo 4 au 5 zina kati ya kilo 11 na 15 bila kasha. Ipo pia stili ya MSA Millennium yenye mwili wa nyuzinyuzi za kaboni badala ya mbao. Bei yake niliiangalia mara moja nikafunga ukurasa. Stili ya nyuzi 12 inayounganisha mifumo miwili kwenye shingo moja niliiacha mapema, sina hamu ya kuwafundisha vidole upya.

Hofu ya mwili mwembamba

Ukikanyaga pedali, unavuta nyuzi kwa nguvu, na mwili unapinda kidogo sana. Nyuzi ambazo hazikuguswa zinalegea, sauti inashuka. Wapigaji wengi wanaamini gitaa jepesi lazima lishuke zaidi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kipimo ni rahisi. Nyuzi za 4 na 8 ni E, na pedali A na B hazizihusu. Kwanyua ya 8, tazama tyuna (kifaa kinachoonyesha noti iko juu au chini kiasi gani), kisha kanyaga A na B pamoja. Kwenye D-10 yangu inashuka senti 6, yaani sehemu 6 kati ya 100 za nusu toni.

S-10 niliyoitamani ilikuwa Dallas, Marekani, kwa muuzaji wa mitumba. Binamu yangu anaishi huko, hajawahi kupiga hata kayamba. Nikamkalisha mbele ya gitaa kwa simu ya video, tyuna ikielekezwa kwenye kamera. "Kanyaga mbili za kushoto, usiachie!" Akauliza viatu avue au asivue. Nikamwambia avue. Mshale ukashuka senti 3. Tukarudia na uzi wa 4, ukawa uleule.

Nilipofika

Nimelipa. Ni S-10, pedali 3 na nyenzo 5, kilo 13. Kasha gumu halinihusu tena kwa shoo za hapa: gitaa litaingia kwenye mfuko wenye sponji nene, miguu na ubao wa pedali kwenye mfuko wa pili, mzigo ugawanyike mikono miwili. Kasha litatumika mara moja tu, binamu akija Desemba. Likiwa na kila kitu ndani ni kilo 20, chini ya zile 23 za begi moja la ndege.

D-10 inabaki nyumbani kwa mazoezi ya C6. Kinachofuata ni zile kilo 27 za amplifaya. Naangalia zenye spika ya inchi 12.