Santuri za mwendo 78: wiki ya sita, na jina nililolifuta mwenyewe

Kati ya santuri 41 nilizonunua kwenye mnada wa vitu vya nyumbani hapa Ohio, 23 zimeshasafishwa na kuingia kwenye kompyuta. Zote ni za enzi ya bendi kubwa za Marekani, miaka ya 1930 na 1940: zinazunguka mara 78 kwa dakika, upana inchi 10, wimbo mmoja kila upande, dakika tatu hivi umekwisha.

Wiki mbili za kwanza zilipotea bure. Nilikuwa natumia sindano ya LP, zile santuri ndefu za plastiki zilizokuja baadaye, kumbe mifereji ya santuri hizi ni mipana zaidi. Sindano nyembamba inazama hadi chini kwenye uchafu, na unachosikia ni kama mtu anakaanga vitumbua. Nilipofunga sindano ya sehemu tatu kwa elfu za inchi, tarumbeta zikatoka safi. Kelele haijaisha, ila sasa inakaa nyuma ya muziki.

Kilichonishughulisha wiki hii ni waimbaji. Sikio langu limelelewa na dansi, ambako mwimbaji hutangulia na magitaa huja kuchemka mwishoni. Kwenye nyingi ya santuri hizi ni kinyume. “Chattanooga Choo Choo” ya Glenn Miller, ya 1941, inakwenda weee, saksafoni na tarumbeta zikipokezana, ndipo Tex Beneke na kundi la Modernaires wanapoingia. Na lebo nazo ziko hivyo hivyo: jina la kiongozi wa bendi kwa herufi kubwa, mwimbaji chini yake kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Mwimbaji alikuwa mwajiriwa tu, kama mpiga tromboni.

Ndiyo maana santuri namba 19 imenifurahisha kuliko zote. Ni “All or Nothing at All”. Harry James na bendi yake waliirekodi Agosti 1939, mwimbaji akiwa kijana Frank Sinatra, na haikuuzika sana. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki, chini ya James Petrillo, kikagoma kurekodi, kikidai malipo kwa sababu santuri na redio zilikuwa zinawanyima wapigaji kazi. Mgomo huo haukuwabana waimbaji. Sinatra akarekodi akiungwa mkono na kwaya tupu, bila chombo hata kimoja. Kampuni ya santuri ya Columbia, wakiwa hawana muziki mpya wa bendi, wakafukua ghala na kuutoa tena wimbo ule 1943, safari hii jina la Sinatra likiwa juu. Ukapanda hadi nafasi ya 2 kwenye chati za Marekani. Ninayo ile ya 1943. Sauti ni ile ile, pumzi ni zile zile. Kilichohama ni jina. Columbia na kampuni nyingine, RCA Victor, walikubali masharti ya chama Novemba 1944, na kufikia hapo mashabiki walikuwa wameshazoea kununua mwimbaji.

(Ella Fitzgerald hakungoja mgomo. Kiongozi wa bendi yake, Chick Webb, alipofariki 1939, bendi iliendelea kwa jina lake Ella.)

Sasa aibu yangu. Santuri namba 22 nilianza kuifuta kwa spiriti. Msinifuate! Spiriti inayeyusha shelaki yenyewe, yaani utomvu mgumu uliotengenezea santuri, na mifereji ya ukingoni imekuwa laini kama sabuni. Kwa hofu nikaimwagia maji, lebo ikalowa, nami nikaisugua. Siku hizi natumia maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke, tone la sabuni ya vyombo, brashi laini, na kifuniko cha plastiki juu ya lebo.

Ilikuwa lebo ya kampuni ya Bluebird, na jina la kiongozi wa bendi, Artie Shaw, bado linasomeka. Mstari wa mwimbaji ndio uliokwenda na maji. Nimeisikiliza mara tano. Ni mwanamke, anaingia katikati, anaimba bila haraka. Billie Holiday alirekodi na Shaw upande mmoja tu, “Any Old Time” ya 1938, na huu si wimbo huo. Nimeandika kwa penseli kwenye bahasha jina la mwimbaji mwingine wa Shaw: Helen Forrest, na alama ya kuuliza.