Beleshi lililokuwa likiichanganya detekta

Chunya, wengi wanaosaka dhahabu kwa detekta, mashine inayolia ikipita juu ya metali, huanza na beleshi la ujenzi. Kwenye mchanga wa mtoni linafaa. Kwenye ardhi nyekundu ya kiangazi linagonga na kuruka tu, na likikaribia mashine, kelele: inasoma chuma cha beleshi lenyewe.

Nikaliacha kambini. Sasa nabeba sululu ndogo ya mpini wa mti, ncha upande mmoja, ulimi mwembamba upande wa pili. Mgongoni mwa sululu nimefunga sumaku ya spika mbovu kwa mpira wa baiskeli. Misumari na vipande vya chuma vinanasa humo. (Dhahabu hainaswi na sumaku, msihofu.)

Mashine ikilia nachimba kando ya alama, si juu yake, nisije nikakijeruhi kipande. Kisha sululu naiweka mbali kabisa, nachota udongo kwa kikombe cha plastiki na kukipitisha juu ya koili, ile sahani ya mashine inayonusa metali. Kikilia, namwaga nusu, napitisha tena, hadi udongo ubaki kiasi cha kupekua kwa kidole. Kikombe kisiwe na mkono wa chuma. Buti zenye chuma vidoleni nazo huiliza mashine. Navaa za mpira mtupu.