Tulivyohamisha mikopo ya vikundi baada ya kununuliwa na benki

Kampuni yetu ya mikopo midogo iliponunuliwa na benki, wenzangu waliulizana nani atabaki na nani atapunguzwa. Mimi nilikuwa natunza mfumo wa mikopo, na hofu yangu ilikuwa wateja: wataingiaje kwenye mfumo wa benki bila kupotea njiani?

Majina ndiyo yaliyoanza kutugomea. Sisi tuliandika jina zima mahali pamoja, benki ina nafasi tatu. Hamisi wetu kwao ni Hamis. Wateja wengi ajabu walikuwa wamezaliwa Januari mosi, kwa kuwa karani akikosa tarehe hujaza hiyo. Simu nazo, mama na binti zake hutumia namba moja. Tukaanza na wenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo tarehe ya kubuni hujifichua yenyewe. Wasio nayo tuliwapeleka kwa maafisa mikopo wanaowajua kwa sura. Sikukubali kompyuta iunganishe watu wawili kwa jina tu.

Kazi ngumu ilikuja kwenye ucheleweshaji. Kwetu kikundi hukutana siku yake ya wiki na mweka hazina hukusanya marejesho. Siku hiyo ikiangukia sikukuu, watu hulipa mkutano unaofuata na hakuna anayehesabiwa deni. Mfumo wa benki huhesabu kuanzia tarehe ya malipo iliyoandikwa kwenye mkataba, basi. Tulipojaribu kuhamisha tawi moja, vikundi visivyowahi kutusumbua vilitoka vyekundu, yaani vimechelewa kulipa. Watu wa benki wakasema mikopo yetu ni mibovu, maafisa wetu wakasema benki hailijui soko. Wakati huohuo taarifa hizo zingefika kwenye taasisi za taarifa za mikopo, na mama lishe angenyimwa mkopo kwingine kwa kosa la kalenda.

Niliomba mchambuzi wa mikopo wa benki apande daladala na afisa wetu hadi kwenye mkutano wa kikundi. Alishuhudia wanachama wakimchangia mwenzao anayeuguza mtoto kabla daftari halijafungwa. Afisa wetu naye akakaa makao makuu na watu wa hesabu mpaka wanafunga hesabu za siku, akaelewa kwa nini hawawezi kuacha tarehe ikining'inia: taarifa kwa Benki Kuu hutoka humohumo.

Tukakubaliana tarehe ya marejesho iwe siku ya mkutano, ila anayepitisha hapo amechelewa, na afisa hana tena ruhusa ya kumvumilia mtu kimyakimya. Ataandika sababu, meneja aidhinishe. Baadhi ya wenzetu waliona tumeuza utu wetu. Sikubaliani nao, maana uvumilivu ule ulikuwa ukiwafikia zaidi wanaojuana na afisa.

Tuliendesha mifumo yote miwili sambamba hadi salio za kila tawi zikalingana. Tofauti za shilingi mojamoja zilitokana na namna ya kukadiria senti.

Idi ndiyo bado inatusumbua. Mwezi usipoandama kalenda haipangiki, kwa hiyo usiku huo mtu wa zamu hubaki ofisini akisubiri tangazo, ndipo asogeze tarehe za mikutano ya kesho.