Mguu wa Klachi

"Baba, mbona tunasimama tena?"

Binti yangu wa mwisho aliuliza hivyo Jumamosi, tulipoegesha Segera tukielekea Moshi. Chalinze nako tulikuwa tumesimama. Dada yake akamjibu kwa niaba yangu: "Baba ana mgongo wake." Nikashuka, nikatembea kuzunguka gari, nikanyoosha kiuno, na pale mbele ya wauza machungwa ikanijia safari ile ya shaba, mwaka 2014.

Wakati huo nilikuwa dereva wa lori, Scania. Tulipakia Lubumbashi, tukavuka Kasumbalesa, tukaikata Zambia yote tukiwa wazima. Balaa lilinikuta Nakonde, kwenye foleni ya kuingia Tunduma. Foleni ya mpakani haikupi usingizi wala haikupi mwendo. Gari la mbele likisogea kidogo nawe usogee, la sivyo mwingine anachomeka. Klachi unaikanyaga, unaiachia, unaikanyaga tena, na hiyo ni kazi ya mguu wa kushoto. Kiuno kilianza kukaza. Kisha moto ukateremka kutoka takoni, ukapita nyuma ya paja, ukashika kigimbi hadi kidole kidogo cha mguu, na ukingo wa nje wa unyayo ukafa ganzi.

Utingo wangu, kijana wa Tukuyu, alinionea huruma. "Suka, lala kifudifudi nikukanyage." Kwa madereva hiyo ndiyo tiba ya kwanza, iko kabla ya vidonge. Nikatandika mkeka kando ya matairi ya tela, akanipanda mgongoni kwa visigino vyake. Nafuu ilidumu mpaka nilipopanda tena kwenye kichwa cha gari. Tunduma nilichomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, tukaondoka. Mizani ya Makambako nilishindwa kushuka, kijana akapeleka karatasi yeye. Mlima Kitonga niliteremka na gia moja, huku namshukuru Mungu kwamba mteremko ule hautaki mtu achezee gia.

Yadini Dar kila mtu alikuwa na mtaalamu wake wa kuvuta viungo. Mke wa tajiri ndiye aliyenielekeza kwa daktari mmoja wa kairopraktiki, tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono, mama wa makamo aliyesomea Durban. Niliambiwa: unalala, anakushika, mgongo unalia ko! ko! unaondoka mzima. Nilikwenda kuusubiri mlio huo.

Kabla hajanigusa alinyoosha kiganja. "Baba, naomba hiyo pochi ya nyuma."

Nikampa. Aliiweka mezani, akaitazama kwa ubavu. Ilikuwa nene kwelikweli: noti za kwacha na faranga, leseni, stakabadhi za mafuta, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, risiti za mizani zilizofutika wino. Akaniuliza mfuko gani. Wa kushoto. Akachukua kiganja changu, akakilaza juu ya pochi na kingine juu ya meza, nione tofauti ya kimo. "Nyonga zako zinakaa hivi kutoka Lubumbashi mpaka hapa," akasema, "na lori linakutikisa njia nzima."

Kisha maswali. Mkojo unatoka vizuri? Unausikia ukitoka? Choo je? Ile sehemu inayogusa kiti cha baiskeli, ina ganzi? Niliona aibu kujibu mambo hayo mbele ya mwanamke, naye alikuwa ameshaizoea aibu hiyo, akasubiri mpaka nikajibu moja baada ya jingine. Hakuna ganzi huko. Mkojo mzuri.

Nikalala chali. Akainua mguu wa kulia ukiwa umenyooka. Ukapanda bila neno. Akainua wa kushoto taratibu, haujafika popote nikapiga kelele, umeme umepita kutoka takoni hadi unyayoni. Akaushusha kwa upole ule ule. Akagonga goti kwa kinyundo cha mpira, mguu ukaruka. Akagonga nyuma ya kisigino cha kulia, unyayo ukashtuka. Kisigino cha kushoto kikakaa kimya. Akagonga tena. Kimya. Nilikuwa nautazama unyayo wangu kama wa mtu mwingine.

"Simama. Shika meza. Inuka kwa vidole vya mguu wa kulia peke yake."

Nikainuka.

"Wa kushoto."

Mguu haukuinuka. Haukuwa na maumivu wakati ule. Nguvu ndiyo haikuwepo. Mguu uliokanyaga klachi kutoka Kongo ulishindwa kunyanyua kisigino changu sakafuni.

Nikamwuliza kama sasa atanyoosha. "Leo sikunyooshi, baba." Akakaa kuandika barua ya kwenda hospitali, nipigwe MRI, picha ya ndani ya mwili, akanieleza kila alichoandika.

Picha ilionyesha diski, ule mto laini wa kati ya pingili, ya chini kabisa, kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa nyonga wa nyuma, imefura na kuubana mshipa wa fahamu. Madaktari wakasema hakuna kupasua maadamu mkojo uko sawa na nguvu haizidi kupungua, na kwamba nyingi za namna hiyo hutulia zenyewe kwa wiki au miezi. Nikarudi kwa yule mama. Alinianzishia kutembea, mazoezi ya kulala kifudifudi na kuinua kifua, na baadaye sana, nguvu zilipoanza kurudi, ndipo akanilaza ubavu na mlio ukaja. Akaniambia ni gesi tu inayotoka kwenye maji ya kiungo. Mfupa haukuwa umehama mahali. Diski, alisema, haina mishipa yake ya damu. Inakula na kutoa taka mtu anapojongea, kama sifongo linalokamuliwa na kuachiwa. Ukikaa saa nyingi bila kujinyoosha unalibana tu.

Siku moja alinisimulia pia asili ya kazi yake: mwanzilishi wake D. D. Palmer, mji wa Davenport, Iowa, mwaka 1895, na Harvey Lillard, mfanya usafi aliyekuwa hasikii vizuri, aliyesemekana kusikia baada ya kubonyezwa mgongo. Yeye hadai kutibu masikio, alisema. Nilizidi kumwamini.

Nini kiliniponya? Siwezi kuapa. Huenda ni mikono yake, huenda ni kutembea, huenda ni muda wenyewe. Ninachoshika ni ile nusu saa ya kwanza, mtu mwenye ujuzi wa kunyoosha akaamua asininyooshe. Madereva wangapi wanalipwa kwa safari, wanakanyagwa migongo kando ya matairi, na hakuna aliyewahi kuwagonga kisigino?

Kijana wa Tukuyu sasa ana gari lake la kuendesha. Mwezi uliopita alinipigia yuko foleni, mguu unawaka. Nilimwuliza habari ya mkojo, akacheka, nikamwuliza tena mpaka akajibu. Nikamwambia ashuke, ashike bampa, ainuke kwa vidole, mguu mmoja mmoja. Miguu yote miwili iliinuka. Nikamsihi asimruhusu utingo wake ampande mgongoni, na akifika Mbeya aende hospitali kwanza kabla ya yadi. Alisema ataenda, ila tajiri anauliza mzigo.