Swali la tisa

Leo mafunzoni hapa Masasi nimekwama kwenye swali la tisa. Dodoso la sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu) lina maswali 9, yote kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai. Manane niliyauliza vizuri tu. La tisa ni la mawazo ya kufa au kujidhuru. Nikamtazama mwenzangu wa zoezi, mama wa umri wa mama yangu, ulimi ukawa mzito. Nikaliruka.

Mwalimu akanirudisha palepale. "Kuuliza hakumpi mtu wazo. Ukinyamaza unamwacha nalo peke yake."

Nikauliza. Mama akawa anakunja na kukunjua ncha ya kanga, kimya, halafu: "Mwanangu, hilo sijawahi kuulizwa." Zoezi likaishia hapo. Mwalimu akatoka naye nje, wakakaa chini ya mkorosho muda mrefu. (Mama ameniruhusu niandike.)

Zimbabwe, tangu 2006, mabibi waliofundishwa huwasikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki. Kwa Kishona wanasema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi huku tunasema "ana mawazo yule", tunapita zetu.

Jioni yule mama amenipigia simu. Kaniuliza kama nimekula.